Fundi Mguu na Breki ya Mkunga

Mjomba wangu ana miguu miwili kama mimi na wewe, lakini ukimsikiliza utadhani anao mmoja tu. Wa kushoto hautaji kabisa, sijui walikosana nini. Wa kulia ndio uliojenga nyumba, ndio uliosomesha watoto, ndio uliompa mke, na ukimwacha aendelee na habari zake atakwambia kuwa ndio uliomzaa yeye mwenyewe.

Ni fundi wa breki. Karakana yake ni ua wa saruji uliozungushiwa ukuta, wenye paa la mabati upande mmoja. Mimi mpwa wake nimepewa kona ya ua huohuo, naziba pancha na kuuza matairi. Kwa hiyo haya nisemayo sikuhadithiwa na mtu. Nilikuwepo, na mikono yangu ilikuwa myeusi kwa vumbi la mpira kama kawaida.

Gari likishatengenezwa, mjomba huvua viatu, akavua soksi, akakaa kwenye kiti cha dereva na kuukanyagia unyayo mtupu kwenye pedali ya breki. Hufumba macho. Ole wako upige nyundo wakati huo. Kisha hutoa hukumu: "Gurudumu la nyuma kulia lina upepo," au, "Mafuta yamezeeka haya." Mara nyingi, lazima niseme haki yake, husema kweli. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Fundi Mguu, na hakuna mteja anayetoka na gari lake mpaka mguu useme.

Mkewe naye ana jina lake. Anaitwa Mama Kanyaga, na hakulipata bure. Upepo wa breki hutolewa na watu wawili: mmoja amekaa ndani anakanyaga pedali, mwenzake amelala chini gurudumuni, anafungua kijiskrubu ili upepo utoke pamoja na mafuta, kisha anakifunga kabla pedali haijaachiwa. Mjomba hulala chini. Mkewe hukaa juu, na majibizano yao husikika mpaka dukani.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

"Shikilia!"

"Nimeshikilia!"

"Achia!"

"Nimeachia, baba. Mengi nimeyaachia tangu unioe."

Hilo la mwisho huliongeza mwenyewe, na mjomba hujifanya hakusikia.

Sasa, mwaka jana mjomba aligunduliwa ana kisukari. Mambo mengine aliyapokea vizuri, tena kwa mbwembwe. Aliacha sukari kwenye chai na kututangazia kila asubuhi kwamba ameiacha, mpaka tukatamani airudie. Lakini kule kliniki walimwambia pia awe anakwenda kupimwa miguu na asitembee peku hata ndani ya nyumba. Hapo alirudi amenuna kama mtu aliyetukaniwa mama yake.

"Nisitembee peku? Wanataka nikanyage breki na gambuti?"

Mkewe alimbembeleza, akamtania, akamnunia. Alimnunulia viatu vya wazi vyenye soli nene, vikawekwa ndani ya boksi lao chini ya kitanda, vinalala kama bwana harusi anayesubiri siku. Mjomba alikuwa na jibu moja tu. "Mguu mgonjwa haujui upepo na mafuta. Wangu unajua. Kwa hiyo si mgonjwa." Sote tulijua anachoogopa. Fundi Mguu akiambiwa mguu umekwisha, anabaki fundi nani? Nilimwonea huruma, na papo hapo nilitamani nimgonge na spana. Sikio la kufa halisikii dawa, na mjomba alikuwa na masikio mawili ya namna hiyo.

Ndipo siku moja asubuhi akaja mkunga.

Huyu ni mkunga wa mtaa wetu, mwanamke mwenye kicheko kikubwa na mkoba mkubwa zaidi. Nusu ya watoto wanaorusha mawe kwenye mabati yetu amewapokea yeye, na tumeshamlalamikia. Aliingia uani na gari lake la umeme, likasimama nyuma yangu bila sauti kama paka aliyeiba. Nilipogeuka nilikaribia kukaa juu yake.

"Fundi," akaita, "breki imekuwa laini. Nikikanyaga inazama kama nakanyaga unga wa kukanda."

"Tangu lini?"

"Tangu nibadilishiwe zile kalipa za mbele, vile vyuma vinavyobana diski. Vya zamani vilishika kutu. Si unajua gari hili, ukiondoa mguu kwenye mwendo, mota yenyewe inalivuta lipunguze mwendo na kurudisha umeme kwenye betri. Breki naigusa mara mojamoja tu, labda kwenye tuta."

"Basi ndiyo sababu," mjomba akasema kwa raha ya mwalimu. "Chuma kisichofanya kazi hushika kutu."

"Hata mume," akasema Mama Kanyaga, akienda zake kufungua mlango wa dereva.

Mjomba alianza kazi yake vizuri, sitaki kumnyima hilo. Alifungua kopo la mafuta ya breki, akaona limejaa. Akazunguka magurudumu yote akipapasa mipira ya breki, akaona pakavu, hakuna panapovuja. Kisha akavua viatu, akaingia ndani.

"Liwashe," akamwambia mkunga.

"Limewaka."

"Mbona halisemi?"

"Ndivyo lilivyo. Tazama taa hizo."

"Gari lisilosema nitajuaje kama limenisikia?" akanung'unika, akakanyaga. Pedali ikazama karibu na sakafu. Akakanyaga harakaharaka mara kadhaa, ikaanza kupanda. Akatabasamu. "Upepo. Mafuta hayabanwi, yanasukuma. Upepo unabanwa, ndiyo maana mguu unazama. Na ukipampu ikapanda, huna haja ya kuuliza tena."

Wakainua gari kwa jeki, wakalisimamisha kwenye stendi za chuma. Kanyaga, nimekanyaga, shikilia, nimeshikilia. Povu likatoka kidogo kwenye mpira uliotumbukizwa ndani ya chupa, kisha likakoma. Mjomba akasimama akijipangusa.

"Bado laini," akasema mkewe kutoka ndani.

Wakarudia magurudumu yote. Safari hii halikutoka povu hata chembe, mafuta matupu, safi.

"Bado laini, baba."

Mjomba akakaa juu ya tairi langu moja, akalikodolea macho gurudumu la mbele namna anavyomkodolea macho mtu anayemdhani ni mwongo. Alikaa vile mpaka mkunga akaanza kuangalia saa, maana alikuwa na mama mmoja wa kumtembelea mchana. Ghafla mjomba akacheka.

"Mpwa wangu, njoo. Chupa yenye maji na upepo, ukiilaza, upepo unakaa wapi?"

"Juu."

"Na kijiskrubu cha kutolea upepo hapa kiko wapi?"

Nikainama. Kilikuwa chini kabisa. Fundi aliyefunga zile kalipa alikuwa ameweka ya kushoto kulia na ya kulia kushoto. Zinaingia sawasawa, boliti zinakaza, gari linatembea. Isipokuwa tundu linaangalia chini badala ya juu. Sisi tulikuwa tunamwaga mafuta mazima, na upepo umekaa zake juu kule, umekunja nne, unatutazama.

Sikuwahi kumwona mjomba ana furaha namna ile. Alizifungua, akazibadilisha pande, akazifunga huku akiimba wimbo asioujua maneno. Walipoanza tena kanyaga-shikilia, mapovu yalitoka kama maji yanayochemka. Yalipokwisha, Mama Kanyaga alipiga kelele kule ndani.

"Hapo! Imesimama! Ngumu kama kichwa chako!"

Mkunga akaingia, akakanyaga, akasema ngumu. Akauchukua mkoba wake, tayari kuondoka. Lakini mguu ulikuwa haujasema.

Mjomba akajipangusa unyayo kwa kitambaa, akaketi, akakanyaga, akafumba macho. Tukanyamaza, mimi nikiwa na pampu mkononi. Alikaa kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Laini," akasema.

"Laini nini?" mkewe akauliza.

"Inalegalega. Bado kuna upepo."

Akarudi chini. Wakatoa upepo tena magurudumu yote, na hapakuwa na upepo. Mkewe akasema ngumu. Mjomba akapanda, akasema laini. Akafungua chupa nyingine ya mafuta.

"Wewe una mguu wa jikoni," akamwambia mkewe. "Hauwezi kujua."

"Mguu wa jikoni? Kwani mimi napikia mguu?"

Mkunga akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilijikaza kisabuni. Nikaitwa nikakanyage na mimi, nikahakikisha taa zimewaka, nikakanyaga. Pedali ilishika mapema, ikakaa pale kama ukuta. Nikasema ngumu.

"Mmepatana nyinyi watatu," mjomba akasema, jasho likimtoka. "Au kompyuta ya gari hili inawadanganya. Nipeni gari lenye breki ya kweli nilinganishe." Akatazama huku na huku, akaliona pikapu langu la kubebea matairi. Breki za pikapu lile alizifanya yeye mwenyewe wiki iliyopita, na tangu siku hiyo alikuwa akinikumbusha kila nikipita kwamba nina breki za kusimamisha treni.

Akapanda. Nikawasha injini. Akakanyaga, akafumba macho. Nilijua atakachosema, nilikuwa nimeshaandaa utani wa kumjibu.

"Hata hili lina upepo," akasema.

"Mjomba, hili ulilifanya wewe."

"Basi limeingia upepo. Lete jeki."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nicheke, nikamtazama Mama Kanyaga anipe mwanya. Hakuwa akicheka. Alikuwa anautazama ule mguu juu ya pedali, nao ulikuwa mguu uleule, mpana, wenye ukucha mmoja mweusi.

Mkunga akaweka mkoba chini. "Fundi, shuka. Simama hapa kwenye saruji. Unaionaje?"

"Saruji ni saruji."

"Ngumu au laini?"

Mjomba akahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda huu. Nilitaka ajibu upesi.

"Siku hizi," akasema, "naona kama kila mahali pametandikwa. Kama nimevaa soksi."

Sote watatu tukatazama chini. Hakuwa na soksi.

"Tangu lini?" mkewe akauliza.

"Si muda."

"Si muda gani?"

"Tangu kabla ya mvua."

"Mvua za lini? Hizi zilizokwisha? Na hukusema?"

"Nisemeje? Niende kliniki nikaseme naumwa soksi?"

"Mficha uchi hazai, fundi," mkunga akasema taratibu.

"Sitaki kuzaa mimi. Nataka kutoa upepo."

Siku nyingine tungeanguka kwa kicheko. Safari hii utani wake ulidondoka pale kwenye saruji na hakuna aliyeuokota.

Mkunga alimkalisha juu ya matairi yangu mawili, akachomoa njiti kwenye ufagio, akapiga magoti mbele yake kama anayepokea mtoto. Akamwambia afumbe macho, na kila atakapoguswa aseme naam. Mjomba alifumba macho kwa madaha kabisa. Kufumba macho na kusikiliza ndiyo kazi yake.

Njiti ikagusa mkono. "Naam."

Ikagusa goti. "Naam."

Ikagusa juu kidogo ya kifundo cha mguu. Akangoja, akasema, "Naam."

Ikagusa kidole gumba. Kimya. Ikagusa kidole cha pili, ikagusa unyayo mahali panapokaa pedali, ikapita mpaka kisiginoni na kurudi. Kimya. Mama Kanyaga alikuwa amesimama nyuma ya mumewe, na kila njiti ilipogusa, midomo yake ilikuwa inasema naam, naam, bila sauti, kama mama anayemsaidia mtoto kusoma mbele ya darasa. Mkunga akainua njiti, akaishika hewani, akitazama unyayo kwa karibu.

"Naam!" mjomba akasema kwa nguvu, na kwa kujiamini kote.

Hakuna kilichokuwa kinamgusa.

Mkunga alikuwa ameona jambo jingine. Akaufungua mkoba wake kwa mkono mmoja, akatoa koleo dogo linalong'aa, akaupindua mguu kuelekea mwangani. Chini ya vidole, kwenye ngozi nene, palikuwa na kidoa cheusi kilichozungukwa na uwekundu. Akakibana na kuvuta. Ukatoka uzi wa chuma, zile nyuzi zinazochomoza kwenye matairi yaliyolika, mrefu kama njiti ya kiberiti. Ulikuwa na kutu. Ulikuwa umekaa mle siku kadhaa, na usaha ukaufuata nje. Mimi nilishika mdomo. Mama Kanyaga akageuka akatazama ukutani.

Mjomba alikuwa bado amefumba macho, shingo ameinyoosha, anasubiri.

"Mbona umenyamaza?" akauliza. "Endelea, nasikiliza."

Mkunga akamwambia afumbue. Akamwekea ule uzi kiganjani. Mjomba akaugeuzageuza kwa kidole, akautazama kama anavyotazama kipuri kilichochakaa, na sikuona hata ubishi kidogo usoni mwake, jambo lililoniumiza kuliko yote. Laiti angebisha.

"Hiki kimetoka kwangu?"

"Kwako."

"Hiki ni cha kumrusha mtu."

"Kingenirusha mimi mpaka juu ya mabati," akasema mkewe. Alikuwa analia, na bado anatania, maana hajui kulia namna nyingine.

Mkunga akasafisha kidonda, akakifunga. Akasema kidonda cha namna ile hakingoji kesho, wanakwenda kliniki sasa hivi, njia ni moja na ya kule anakokwenda. Nilikimbia nyumbani kwao, ni hatua chache tu, nikalivuta lile boksi chini ya kitanda. Niliporudi, mjomba alikuwa bado juu ya matairi, na amekataa.

"Kliniki nitakwenda," alikuwa anasema. "Nimesema nitakwenda. Lakini gari hili halitoki hapa. Breki zake sijazisikia. Hakuna gari linalotoka kwangu halijapona."

Mama Kanyaga akajipangusa uso kwa upindo wa khanga, akaenda akaketi kwenye kiti cha dereva. Akavua ndala zake. Akawasha gari, akangoja taa.

"Niulize," akasema.

Mjomba akamtazama. "Nikuulize nini?"

"Unachouuliza mguu wako. Niulize mimi."

Akauchezea ule uzi wa chuma. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Inaanza kushika wapi?"

"Juu. Haijafika hata nusu ya safari."

"Shikilia. Inashuka?"

"Haishuki. Nimeegemea na uzito wangu wote, na unaujua."

"Pampu. Inapanda?"

"Haipandi. Ni ileile. Asubuhi ilikuwa inapanda. Na ile mara ya pili, kabla hujaona kwamba kalipa zimegeuzwa, ilikuwa inashika kidogo halafu inateleza, kama mtu anayesema ndiyo na hataki. Sasa haina hayo. Nikiachia inarudi yote, haivutwi."

Mjomba alikuwa ameinua kichwa.

"Haya yote umeyajua lini?"

"Miaka yote nakanyaga mimi, baba. Wewe unakanyaga mara moja tu, mwishoni."

"Hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kuniuliza. Ulikuwa unasema achia, naachia."

Mkunga alikuwa anajifanya anatafuta kitu mkobani. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, nafungua mikanda ya vile viatu vipya, nimeinama makusudi ili nisionekane uso. Nikamvika cha kulia kwanza, juu ya bandeji, halafu cha kushoto. Miguu ilikuwa mizito mikononi mwangu na yenye joto, kama ya mtu mzima wa afya.

"Kwa hiyo limepona?" mjomba akamwuliza mkewe.

"Limepona."

"Basi limepona," akasema, na kunyoosha mkono upande wake. "Njoo unishike. Sisikii ninapokanyaga."

Mama Kanyaga akashuka garini, akamshika.